Benchi la Wageni Lililochemsha Maji

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, njia ya Kilwa, Dar es Salaam. Jumatatu, tarehe 17 Septemba 1951, saa nne asubuhi. Mbele ya Koplo Sadallah.

Jina: Mwanabaraka binti Marijani. Umri: miaka arobaini na minane, au hamsini, inategemea nani anauliza. Kazi: mkunga, asubuhi nauza bagia. Makazi: Mtoni. Dini: Mwislamu.

Mie niliyetajwa hapo juu natangaza kwa masikitiko makubwa kwamba benchi la wageni la jela ya wanawake, lililokuwa nje ya lango, mbao za mninga, miguu minne, mmoja mfupi, halipo tena duniani. Lilifariki Ijumaa iliyopita alasiri. Halikuacha mjane. Wote waliowahi kuchaniwa nguo na misumari yake wajulishwe popote walipo.

Koplo amecheka, kisha ameniambia niseme ya kesi. Haya, ya kesi ni haya. Kwa ajili ya benchi hilo, mfungwa Chausiku binti Mwinshehe ameandikiwa shitaka la kuharibu mali ya Serikali, na keshokutwa anapelekwa mahakamani. Alikuwa amebakiza wiki mbili atoke. Akitiwa hatiani ataongezewa miezi, na mtoto wake aliyezaliwa Ijumaa hiyo hiyo, nimeambiwa, atapelekwa kulelewa na watu wengine.

Kabla sijaendelea, naomba iandikwe pia kwamba mzigo wa kuni uliopo hapo mlangoni ni wangu. Askari wa hapa wasije wakauchemshia chai.

Chausiku namjua tangu hajazaliwa, kwa kuwa mikono iliyompokea ni hii. Alifungwa kwa kupika pombe bila leseni. Aliingia jela na tumbo ambalo kila mtu aliliona, isipokuwa aliyempangia kazi ya kukata majani.

Mnamo tarehe 14 Septemba, Ijumaa, kiasi cha saa tatu asubuhi, nilikuwa nyumbani nakaanga bagia. Akaja Atuganile, askari jela wa kike, mtu wa bara, binti mwenye adabu. Alikuwa ametoka zamu. Akasema, "Shikamoo mama. Chausiku ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Nimemwambia Sajini, akaniambia nikalale."

Nikamwuliza, "Na wewe umekuja kulala hapa kwangu?"

Akasema, "Hapana mama. Nimekuja kukuchukua."

Niliacha bagia jikoni ziungue. Mwendo wangu si wa kusifiwa, lakini tulifika.

Langoni tulimkuta Sajini Revelian, ambaye ndiye mkubwa pale Bwana Jela asipokuwapo, na siku hiyo hakuwapo. Sajini aliniambia, "Wageni ni Jumapili, mama."

Nikamwambia mimba haijui Jumapili. Akasema wanawake wa pwani wakisikia kazi ya majani wanaumwa wote. Wakati anasema hivyo, tulimsikia Chausiku ndani akilia. Atuganile alimtazama Sajini, Sajini akatazama kufuli.

Basi nikaketi kwenye lile benchi. Nikamwambia, "Sitoki hapa." Kwa umbile langu, Koplo mwanangu, nikisema sitoki, kunitoa ni kazi ya watu wanne, na Sajini alikuwa peke yake.

Nilikaa hapo mpaka watu walipotoka msikitini kuswali Ijumaa. Wengi wananijua; nusu yao niliwafunga kitovu. Mzee Hija, muuza mkaa, alisimama akaniuliza, "Bi Mwanabaraka, kulikoni? Pana msiba?"

Nikajibu kwa sauti, Sajini asikie: "Bado. Tunamsubiri Sajini aamue kama ni msiba au ni uzazi."

Watu wakaanza kusimama. Mmoja akasimama, wa pili akasimama, wakawa kundi. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyeshika jiwe. Walisimama tu na kanzu zao wakamtazama. Sajini akafungua lango, akaniambia, "Ingia, lakini usichafue."

Nilimkuta Chausiku kwenye chumba cha wanawake saba, ndoo moja, dirisha moja la juu. Alikuwa chini, juu ya saruji, amevaa gwanda la jela, ameng'ata kiganja chake asipige kelele. Wenzake walikuwa wamemzunguka kwa migongo ili asionekane mlangoni. Atuganile alitandika koti lake la kazi. Mtoto alizaliwa kabla ya alasiri, wa kike, mzima. Alilia vizuri. Sajini alikuwa mlangoni na nilimwona akivua kofia.

Nikaomba kanga za Chausiku tumfunge mtoto. Sajini akasema, "Nguo za mfungwa hutolewa siku anapotoka."

Nikamwambia, "Basi leo ametoka mmoja, na huyu hana hata kesi."

Hakutoa. Mtoto tulimfunga kwa mtandio wangu. Nimekuja hapa na wa kuazima, ndiyo maana haufanani na nguo.

Sasa kifo cha benchi. Kimesemwa kwa namna mbili, na namna ya kwanza ililetwa nyumbani kwangu pamoja na ratili mbili za sukari. Jumamosi jioni Sajini Revelian alikuja, akakaa barazani, akakohoa.

"Mama," akasema, "wewe ni mtu mzito."

"Nimeshaambiwa, na waume wawili."

"Bwana Jela aliporudi akauliza benchi, nikamwandika Chausiku. Sasa wewe sema ulikaa, likavunjika. Mbao mbovu, zikatupwa. Kesi ya Chausiku inakufa, mimi nabaki na tepe zangu, wewe unabaki na sukari."

Sitaficha: maneno yale yalinipendeza. Nilifanya hata mazoezi mbele ya kitanda changu, "Nilikaa, likavunjika," na kitanda chenyewe kilionekana kuamini. Mtoni nzima hakuna ambaye angebisha.

Jana Jumapili nilimpelekea Chausiku uji. Wageni tulisimama, maana pa kukaa hapakuwapo. Mwenzake mmoja, Mwajabu, ambaye mimba yake ni ya miezi minane na kifungo chake bado kirefu, alisogea kwenye wavu akaniuliza taratibu, "Bibi, na siku yangu mie, kitapasuliwa nini?"

Nilipotoka nilimrudishia Sajini sukari yake. Maana benchi likiwa limevunjika lenyewe, hakuna atakayeuliza kwa nini moto ulihitajika.

Kweli yenyewe ni hii. Baada ya kuzaa, Chausiku alianza kutetemeka hata meno yakagongana. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, anapewa uji wa moto. Hili si elimu, hili kila nyumba inalijua. Niliomba maji ya moto. Sajini akasema kuni za jela ni za ugali wa mchana tu, na ugali umeshapikwa, na ufunguo wa ghala ameondoka nao Bwana Jela. Nikasubiri. Chausiku akawa nguvu zinampungua, namwita, anaitika kwa mbali.

Nikaenda banda la bustani, nikachukua shoka la jela. Nikatoka langoni, nikalipasua lile benchi, mchana kweupe, akili zangu timamu. Chausiku hakulipasua, hakuweza hata kuinua kichwa. Atuganile hakugusa shoka. Alikuwa amempakata mtoto. Ni mie peke yangu. Mninga ni mgumu, na sikuwa na pumzi, kwa hiyo nililipiga mara nyingi kuliko mtu mwenye sifa angependa kusema.

Sajini alisema, "Mama, hiyo ni mali ya Serikali."

Nikamwuliza, "Na aliyelala kule ndani ni mali ya nani?"

Hakunizuia. Moto uliposhika, yeye ndiye aliyebeba debe la maji akaliweka juu ya mafiga. Na hilo naomba liandikwe, kwa sababu ni kweli. Tulimkanda Chausiku, akapata joto, akalala. Yuko hai.

Najua kwa maneno haya naweza kufungwa, na nitafungwa kule kule. Sawa. Mwajabu atakuwa na mkunga ndani, asiyehitaji kuombewa ruhusa langoni. Lakini kama Serikali inaona gharama ya kunilisha ni kubwa, na ni kubwa, basi iwape wale wanawake kuni, mwenye mimba asikatishwe majani, na mlango ufunguliwe anapoita, hata kama si Jumapili. Vinginevyo, niseme mapema ili nisije nikaitwa mjanja: jela ile ina milango ya mbao.

Niliyoyaona ni hayo na niliyoyatenda ni hayo. Anayetaka mengine akamtafute shahidi mwembamba.

Dole gumba la Mwanabaraka binti Marijani.

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Sadallah, na kumsomea shahidi. Nilimshauri aondoe maneno kuhusu milango; amekataa. Nilimshauri afikiri tena kuhusu shoka, amesema ameshafikiri. Nakala inapelekwa kwa hakimu kabla ya Jumatano. Shahidi ameondoka saa sita kasorobo kwa njia ya kwenda jela, mzigo wa kuni kichwani. Nilimsaidia kujitwisha.