Vipaza Sauti Vyangu

Jumatatu, 3 Machi

Maji! Yametoka bombani leo, baada ya halmashauri kutupiga danadana miezi na miezi. Kikundi cha Wakazi kimeshinda. Niliwapa vipaza sauti vyangu bure, tukapiga kelele nje ya ofisi ya diwani mpaka akatoka mwenyewe, jasho linamtiririka. Leo Mwenyekiti wetu kanikumbatia — fundi, hii ndiyo demokrasia! Nikacheka kama mjinga. Nimeoga mara mbili.

Jumatano, 5 Machi

Kikundi kimezua jipya: wachuuzi wa barabara ya soko waondolewe, eti wanaleta uchafu. Jumamosi kuna mkutano wa hadhara. Diwani atasikiliza pande zote, kisha aamue. Dada yangu anauza viatu pale tangu shemeji afariki. Ndiye aliyenisomesha ufundi huu. Wenzake wamemchagua awasemee. Kaniambia nimfungulie sauti yote, ana mengi kifuani. Haya, dada.

Ijumaa, 7 Machi

Muuza magazeti wa pale kona alisema jana, waziwazi, kwamba Kikundi kimelewa sifa. Leo kibanda chake kina kufuli la pili. Si lake. Nani kaliweka? Hakuna aliyeona! Majirani wanampita wakizikodolea macho simu zao.

Jioni Mwenyekiti kaja dukani. Mpole kweli. Kaniuliza habari za wanangu, mmoja mmoja, na shule wanazosoma. Akasema hawanilazimishi kitu, ila mitambo huharibika hata kwa fundi hodari. Naogopa, basi.

Jumamosi, 8 Machi

Niko ukumbini, nyuma ya mashine. Pamefurika. Mwenyekiti kaongea kwanza, sauti safi, makofi mpaka madirisha yanatetemeka. Na wanaopiga makofi ni wale wale tuliopigania nao maji — watu wazuri! Diwani anaitikia kila neno. Huyu kashaamua, au kaogopa kama mimi.

Nimezima maiki, kama kawaida kati ya wasemaji. Mwenyekiti kavuta kiti, kakaa ubavuni mwangu. Anaitazama swichi.

Dada kapanda jukwaani. Kashika maiki kwa mikono miwili, ananitafuta kwa macho. Midomo yake naisoma: mdogo wangu, sauti inatoka?

Nimemwitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Kaanza kusema. Safu ya mbele tu ndiyo inayomsikia, na swichi bado sijaiwasha.