Roho ya Mama Imebaki Ng'ambo ya Mto

Mpendwa Shangazi Mshauri,

Naomba msaada, na naomba usinicheke hewani redioni kwa sababu mama hukusikiliza kila Jumamosi akichambua mboga, ingawa najua utanicheka tu. Mimi ni mwanamume ninayekaribia hamsini, nina kitambi na wajukuu, na Kihmong changu ni cha kuombea wali na kukemea watoto, zaidi ya hapo nachanganya na Kiingereza kama Wahmong wengi hapa Saint Paul, Marekani.

Tangu baridi ianze mama hali vizuri, anakaa dirishani akitazama theluji kama anayengoja mgeni, daktari haoni ugonjwa, mganga wetu akasema roho yake moja, kati ya zile kadhaa alizo nazo kila mtu, imepotea njia, basi ikanibidi mimi mwanawe wa pekee nisimame mlangoni niiite, kuku mkononi, yai juu ya bakuli la mchele, udi ukafuka mpaka king'ora cha moshi kikalia, na shemeji yangu Tou Ger akasema, "Shemeji, hiyo roho itafika kweli, au itaomba mkalimani?" jikoni wakaangua kicheko, nami nikacheka, ningefanyaje. Nikaita: njoo kutoka kambi ya wakimbizi Thailand, njoo upande ndege, njoo kwenye ile nyumba yetu ya kwanza ya ghorofani, njoo ule wali moto. Nikarusha vipande vya pembe vya ramli kuuliza kama imefika, vikakataa, nikarusha tena, vikakataa. Mama akanishika kidole, akasema polepole, "Mwanangu, umeniita kutoka kambini. Mimi sipo kambini. Niko ng'ambo ya mto, kule mlimani kwetu, na hakuna aliyekuja kunichukua."

Shangazi, mimi nilizaliwa kambini, huko Laos, ng'ambo ya mto wa mpakani, sikujui. Mama anataka niite tena kabla ya Mwaka Mpya, kwa maneno ya kale, na wewe unajua lugha yetu, sauti ikiteleza kidogo tu neno limekuwa jingine, naogopa nitaifukuza roho badala ya kuiita. Mke wangu Kabao anasema tumlipe mzee anayejua, yaishe. Mama hataki, anasema roho yake haitafuata sauti ya mgeni. Nikimwona pale dirishani, nami napatamani mahali ambapo sijawahi kufika, sijui ni ugonjwa gani huo. Nifanye nini?

Nhia Chue

Nhia Chue mwanangu,

Kucheka nimecheka, na mama yako kama ananisikia na acheke naye, angalau atakuwa amefungua mdomo.

Lakini hukukosea lugha. Umemwita mama kutoka mahali ulipokuwa wewe, siyo alipo yeye. Roho hurudi kwa njia ileile iliyopita, kituo kwa kituo, nawe umeanzia katikati. Ninyi mliozaliwa kambini mnadhani dunia ilianzia kwenye foleni ya maji.

Kabao namheshimu, ila huyo mzee wa kulipwa mwacheni kwake. Jumapili, zima televisheni, mpikie mama kuku wa mitishamba, keti karibu naye useme, "Mama, nionyeshe njia." Aanzie mlangoni kwao, apite shamba la mpunga, kijito, mpaka mtoni. Kila mahali anapopataja, rudia kwa Kihmong. Ukikosea atakukaripia, na huyo mama akianza kukaripia, msogezee sahani. Mkifika mtoni usimharakishe. Huenda kuna mtu alibaki pale ambaye hajawahi kukutajia. Akilia, ngoja. Akinyamaza, ngoja vilevile.

Kisha rudi mlangoni uite. Maneno ya kale yakikushinda, tumia hayo yako ya kuombea wali, hayo alikufundisha yeye. Na king'ora kitoe betri.

Huo ugonjwa wako sina dawa yake, mwanangu, ninao mimi pia. Ila barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jina la kijiji cha mama. Kitambi umekitaja, shemeji umemtaja. Kijiji hukukitaja. Nenda kamuulize hilo kwanza.