Kitabu Chembamba

Maktaba ya Watoto,
S.L.P. 318.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa dada,

Hamjambo huko? Mgongo wa shemeji umeacha kumsumbua? Sisi huku tu wazima, ila mafua yamenikaba sauti, na watoto wa maktaba wamelipokea jambo hilo kwa furaha isiyofichika.

Mwanao Chiriku hajambo. Anakula vizuri, amerefuka, sare uliyomshonea kabla ya kumleta kwangu imeshakuwa fupi. Lakini kuna jambo juu yake ambalo ni afadhali ulisikie kutoka kwangu mwenyewe, maana mkosaji ni mimi.

Walimu walikuwa wakilalamika kwamba watoto wanakuja kwetu kuchekea vitabu vya katuni, kisha darasani wanashindwa maswali ya ufahamu. Mkuu wa maktaba akanitaka nichukue hatua. Nikazifungia katuni kabatini. Nikaweka na sharti: mtoto hapewi kitabu kingine cha hadithi mpaka ajibu maswali juu ya kile alichorudisha.

Nikaanza na Chiriku, watu wasije wakasema nampendelea. Mbele ya wenzake nikamuuliza hadithi aliyosoma ilikuwa na funzo gani.

"Haina, mama mdogo. Inachekesha tu."

"Basi hukuisoma," nikamwambia, nikakichukua kitabu mkononi mwake.

Wenzake wakamcheka. Dada, mtoto huyu unamjua, husimulia hadithi hata akiwa anaoga. Siku hiyo tulirudi nyumbani pamoja na hakunisimulia hata moja njia nzima.

Tangu hapo akawa msomaji wa mfano, majibu yote sahihi. Nami nikavimba kichwa, nikamsimamisha mbele ya watu siku ya wazazi. Baba mmoja akamuuliza anapenda vitabu vya namna gani.

"Vyembamba," akasema. "Kitabu kikiwa chembamba, maswali yanakuwa machache."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mkuu akapiga makofi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Hakuwa anatania, wala hakuwa na hasira. Aliulizwa, akajibu, kama nilivyomzoesha.

Kesho yake nilimwendea mwalimu wa darasa lake, nimejiandaa kwa ugomvi. Sikupata wa kugombana naye. Alinieleza kuwa ana wanafunzi wasioelewa hata maelekezo kwenye chupa ya dawa, na nikaona hofu yake ni ya haki. Tukakubaliana kwamba siku mbili kwa wiki atakuja mwenyewe, asome nao na kuwauliza maswali. Siku zilizobaki mtoto asome akitakacho, na mtu yeyote asimuulize kitu. Mkuu alinuna, kisha akaridhia. Kabati nimelifungua. Kelele zimerudi, na wapo waliokuja kwa katuni ambao sasa wanabaki hata siku za mwalimu.

Chiriku haji. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliomcheka. Akasema, "Sawa, mama mdogo," kama mtu anayemjibu karani dirishani.

Jana mchana niliingia chumbani kwake kuchukua nguo za kufua. Alikuwa amejilaza na kitabu kinene, sijui kaazima kwa nani. Aliponiona alikisukuma chini ya mto, akashika daftari la hesabu. Dada, mimi kazi yangu ni kuwapa watoto vitabu, na mtoto wa nyumbani kwangu ananificha kitabu. Nilijifanya sikuona. Nikakusanya nguo, hata zilizokuwa safi, nikatoka nikauvuta mlango.

Najua ulimleta kwangu kwa sababu ya vitabu, na kukuandikia haya kumenitoa jasho. Ukimpigia simu, usimwambie kwamba nilimwona. Usimuulize anasoma nini, wala amejifunza nini. Ila akianza kukusimulia mwenyewe, msikilize mpaka mwisho, hata chakula kikiungua jikoni.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na wale mapacha wako watundu, waambie shangazi yao wa maktaba, kama wanavyoniita kwa makosa, anawakumbuka. Mungu awape afya, na awaongoze katika kila mnalolitia mkono.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mwenye kuona haya,

Mama mdogo wa Chiriku