Gia Niliyoichomelea

Mombasa,
Jumapili. Leo sikuenda kanisa.

Dada yangu Mwikali,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hali yako iko aje, na shemeji, na Mama? Mguu wake umepoa? Mvua imewatosha huko? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haiko sawa, na sina mwingine wa kumwambia ila wewe.

Unajua jirani yetu Mwalimu Kyalo alikuja huku kuchukua gari yake iliyotoka Japani kwa meli. Alinipata gereji akasema, "Musyoka, wewe ni mtu wa nyumbani. Niangalizie hii gari kabla sijapanda nayo kwenda nyumbani." Mke wake Ndinda alikuwa na mimba ya miezi saba, baada ya kungoja miaka tisa. Gari ilinunuliwa kwa ajili hiyo.

Injini ilikuwa inagonga kidogo ikiwashwa. Nikafungua, nikapata gia inayozungusha shafti ya valvu inacheza. Dada, katika miaka yangu yote ya ufundi sijawahi kuona gia ya hapo ikisogea. Nikajua imelegea, nikaichomelea ikashika. Mlio ukapungua. Mwalimu akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Uchungu ulimshika Ndinda asubuhi, wakaanza kupanda kutoka bondeni kwenda hospitali Nunguni. Gari haikuwa na nguvu, na katikati ya mlima ikazima kabisa. Hakuna gari nyingine iliyopita kwenye matope yale. Wewe ndiwe uliyeniandikia kwamba mtoto alizaliwa humo garini, alikuwa msichana, na kwamba alilia mara moja tu.

Hili hulijui. Mwalimu alinitumia ile gia kwa basi, na karatasi ndogo: "Fundi, niangalizie ni nini kilivunjika. Usijilaumu, wewe ulifanya kazi nzuri." Nikaigeuza, nikaona mahali nilipochomelea pamekatika.

Nikaipeleka kwa Athumani, fundi wa ng'ambo ya barabara, anayesoma vitabu vya hizi gari mpya. Akauliza, "Nani aliifunga hii?"

Nikasema sijui. Dada, nilisema sijui.

"Hii imetengenezwa isogee," akaniambia. "Oili ndiyo inaisukuma. Gari ikienda polepole, valvu za kuingiza hewa zinachelewa kufunguka, injini inatulia, inakula petroli kidogo. Ukikanyaga kupanda mlima, gia inasogea, valvu zinafunguka mapema na kujifunga mapema, injini inashika hewa nyingi, inapata nguvu. Kama wewe tu. Ukibeba maji mlimani, unapumua kama mtu aliyekaa? Huyu aliifungia pumzi moja. Halafu welding ikakatika, valvu zikagongana na pistoni."

"Na ule mlio wa mwanzo?"

"Oili chafu. Angemwaga aweke mpya, basi."

Tangu siku hiyo chakula hakishuki. Nikifungua injini ya mtu, naifunga tena. Nimemwandikia Mwalimu mara tatu, nikachana. Uliniandikia kwamba mchungaji aliwaambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuchomelea ile gia.

Nakuomba jambo zito. Nenda ukae na Mwalimu na Ndinda, uwasomee barua hii yote, hata pale niliposema sijui. Wakikasirika usinitetee. Wakinyamaza, nyamaza nao. Mwisho wa mwezi ninakuja. Sijui nitasema nini mlangoni kwao, na kama hawataki kuniona nitarudi na basi ya siku hiyo hiyo.

Msalimie shemeji, mume wako mpole. Msalimie shangazi Kalunde, anayeimba kwaya na Ndinda. Mwambie asiache kwenda kumtembelea. Mama usimsomee hii. Mwambie ninakula vizuri.

Ni mimi, mdogo wako,
Musyoka