Viumbe Vinne vya Koku

Jumatatu, 3 Juni
Nimeanika kahawa. Manyunyu kidogo, yakapita. Kisha kikao cha wazee wa kanisa. Jambo moja tu: picha ya binti yangu Koku. Karudi kutoka chuo cha sanaa, kaitundika kwenye ukumbi wa kanisa bila kuniuliza. Anachora kwenye bati la shaba, asidi inakula mistari, halafu anapiga chapa kwenye karatasi. Juu kuna mwanamke mzuri, vazi la mikunjo, kama sanamu za Wagiriki wa kale. Chini yake viumbe vinne vya kutisha, migongo imepinda, midomo wazi, vinakanyaga ndani ya jeneza.

Mzee Rwegasira kasema, "Hayo mapepo. Yachomwe." Nimepewa hadi Jumapili nieleze maana.

Jumatano, 5 Juni
Sijamuuliza. Tangu aende chuo tunasalimiana tu. "Shikamoo, Tata." "Marahaba." Basi.

Nimeitazama picha peke yangu. Kiumbe kimoja kina mguu kama wangu, vidole vimepandana. Nikasogea karibu. Kumbe ni wa kushoto. Wangu mbovu ni wa kulia. Basi, si mimi.

Ijumaa, 7 Juni
Koku kaenda Nkwenda sokoni. Nimeingia chumbani mwake kama mwizi. Bati liko chini ya kitanda, kalifunga kwa khanga. Kwenye bati kila kitu kimegeuka, kushoto kwa karatasi ni kulia. Mguu mbovu ni wa kulia. Nikaangalia kiumbe cha pili. Cha tatu. Cha nne. Vyote ni mimi.

Na lile si jeneza. Kati ya vidole kuna nyasi. Ni mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe, zikikanyagwa pamoja na nyasi, ule niliouficha migombani. Nilikanyaga pombe ya kuuza ili asome, na Jumapili nikaikemea pombe kanisani. Nilidhani hajui. Nina hasira. Kanichora jini.

Jumamosi, 8 Juni
Nikinyamaza, picha inachomwa, mimi nabaki mzee wa kanisa. Rahisi mno.

Jumapili, 9 Juni
Nilianza kusema sijui. Koku alikuwa amesimama mlangoni. Nikavua kiatu, nikaweka mguu juu ya benchi, chini ya picha. Nikasema yote. Kwamba yule mwanamke ni yeye, na amesimama juu ya mgongo wangu.

Picha haikuchomwa. Uzee wa kanisa nimevuliwa.

Jumapili, 16 Juni
Nimekwenda kanisani na ndala. Benchi la nyuma. Wimbo wa pili Koku akavuka kutoka upande wa wanawake, akakaa kando yangu. Akanishikia kitabu, tukaimba.