Hakuna Aliyemsukuma

Jumatano, Majengo. Mvua tangu asubuhi.

Juzi tulikimbia kutoka mji wa Sake juu ya lori la maharagwe, watu kama arobaini juu ya magunia. Risasi zililia nyuma yetu. Dereva aliingia kwenye kona bila kupunguza mwendo, sote tukatupwa upande wa kushoto. Jirani yangu Mama Kavira alikuwa ukingoni. Alirushwa nje, kichwa kikapasuka kwenye mawe ya volkano. Lori halikusimama.

Tulipofika mtaa wa Birere, mume wake, Papa Kambale, alimkamata shati mwanaume aliyekuwa amekaa karibu na mkewe, muuza jibini kutoka Masisi.

"Ni huyu alimusukuma. Wote mulisikia ile nguvu."

Kweli, tuliisikia. Lakini mimi ni mwalimu wa fizikia. Mwezi uliopita nilifundisha jambo hilihili: gari likikata kona, mwili unataka kuendelea moja kwa moja. Aliye ndani anahisi anasukumwa nje. Aliyesimama barabarani haoni msukumo wowote. Anaona gari likigeuka na kuuacha mwili.

Nilijua hayo yote, nikanyamaza.

Niliogopa. Umati ukimpiga mtu, anayemtetea naye anapigwa. Watu walianza kumpiga muuza jibini kwa ngumi, zikaja mbao, kisha mawe. Jino lake lilianguka karibu na kiatu changu. Jiwe lilipompasua sikio, damu iliruka mpaka kwenye kitenge changu. Hapo ndipo nilipojitupa katikati.

"Papa Kambale, hakuna mutu alimusukuma. Ni ile kona. Ilitutupa sisi wote."

Nilirudia mpaka sauti ikakauka. Papa Kambale aliangusha jiwe lake.

"Basi nani ameniulia bibi yangu, Prof?"

Alikaa chini kwenye matope akalia, na watu wakatawanyika mmoja mmoja.

Leo nimeenda hospitali kumwona muuza jibini. Sikio la kulia halisikii tena. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya wale waliompiga. Alinigeuzia sikio la kushoto.

"Prof, ulijua ni ile kona, mbele ya jiwe la kwanza kutupwa?"

"Nilijua."

Aligeukia ukuta. Nilikaa pale mpaka muuguzi aliponitoa.

Kesho nitarudi. Kama hatanitazama, nitakaa vilevile.