Kofia kwenye Pampu ya Tatu

Jumanne, 9 Septemba

Bamvua, siku za maji makuu. Maji yanaingia mashamba ya chumvi tangu asubuhi. Nimeshuka shimo la pampu ya tatu kutoa takataka kwenye wavu, kama kila siku. Mwani, mifuko ya plastiki, kaa mmoja mfu. Kofia yangu nilikuwa nimeitundika juu ya swichi. Hiyo ndiyo sheria yetu vibarua hapa Magarini tangu nije: kofia ikiwa kwenye swichi, mtu yuko chini, hakuna anayegusa.

Pampu ikawaka yenyewe.

Ni kompyuta. Tangu mwezi wa sita ndiyo inayowasha pampu zote nne, swichi imebaki pambo. Tumekuwa na bahati muda wote huo na hatukujua. Wavu nilikuwa nimeshautoa. Maji yalivuta mguu wa kushoto. Katana, mwenzangu, alinishika makwapa akanipandisha. Buti lilibaki. Lilitokea upande wa pili vipandevipande.

 Herufi zangu mbaya leo.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeitwa ofisini kueleza. Walioandika programu ni wawili. Kazungu, kijana wa Vitengeni, aliiandika peke yake, mbio mbio, kwa sababu meneja alitaka pampu ziende. Mwanaisha wa Mambrui alikuja baadaye kumsaidia. Alinipa shikamoo na kiti. Kisha wakasahau kwamba nipo.

"Hii p ni nini? Na hii pp?" Mwanaisha aliuliza, kidole juu ya herufi kwenye kioo cha kompyuta.

"Dada, inafanya kazi."

"Kwako wewe. Ukiumwa, nani ataisoma?"

"Nikiumwa nitakuja na kompyuta na dripu yangu."

Alicheka peke yake. Mwanaisha anataka kuandika yote upya, safi, kila kitu na jina lake. Wiki tatu. Kazungu anasema mstari mmoja unatosha, na bamvua nyingine ni baada ya siku kumi na mbili. Meneja alisimama mlangoni akachagua mstari mmoja.

Niliomba tuwe tunazima umeme mkubwa kabla ya kushuka. Meneja akakataa. Huo ukizimwa pampu zote zinalala, na bamvua haisubiri.

Nimeishia darasa la sita. Sijui nani ana haki kati yao. Najua ni mguu wa nani.

Ijumaa, 12 Septemba

Kazungu amefunga kulabu ya chuma kando ya swichi. Kofia ikiivuta chini, kompyuta inajua. Kofia zetu ni za ukindu, nyepesi, kwa hiyo Katana ameshonea nati ndani ya kila moja. Sasa zinatuumiza vichwa. Kazungu anasema pampu ya tatu haitawaka tena juu ya mtu.

Anasema. Usingizi sina.

Jumatatu, 15 Septemba

Nilikataa kushuka. Niliogopa kufukuzwa lakini niliogopa shimo zaidi. Katana akasema basi ishuke gunia. Tulijaza mchanga na makuti, tukaliteremsha kwa kamba penye wavu, tukatundika kofia. Kazungu akaiamuru kompyuta iwashe pampu.

Ikawaka.

Kamba ilirudi mkononi mwangu bila gunia.

Katana alijaribu mzaha. "Alikuwa mfanyakazi mzuri, hakulalamika." Hakuna aliyecheka. Kazungu alikaa chini kwenye matope na suruali yake safi.

Kosa lenyewe Mwanaisha alilipata jioni. Kumbe watu wa kompyuta huanza kuhesabu na sifuri. Pampu ya kwanza kwao ni sifuri, kwa hiyo tatu ya Kazungu ni ya nne yetu. Yeye mwenyewe aliweka hivyo, na kwa miezi mitatu akasahau. Hakuna jina lililoandikwa la kumkumbusha. Kofia yangu ilikuwa inaizuia pampu ya jirani.

Nimemwona Kazungu akitapika nyuma ya ofisi. Nilikuwa nimepanga kumtukana. Nikaacha.

Jumatano, 17 Septemba

Mwanaisha ameacha habari ya kuandika yote upya. Anachukua sehemu moja tu, ile ya kuwasha na kuzima pampu. Kazungu akamuuliza, na uchafu mwingine wote? "Usioua mtu utasubiri," alisema. Hapo wakapatana. Wameketi kwenye meza moja tangu jana, hawataniani.

Alhamisi, 18 Septemba

Wameniita nisome. Nilidhani ni dhihaka. Mwanaisha alisema kama mimi siwezi kuelewa sehemu ile, basi haijaisha.

Maneno mawili matatu ya Kiingereza, mengine Kiswahili. Nilisoma kwa kidole kama mtoto. Pampu ya tatu. Kofia ipo. Usiwashe. Jasho lilinitoka ingawa chumba kina baridi ya mashine. Nilielewa. Maisha yangu yako kwenye mistari kumi na moja na niliielewa yote.

Kisha nikauliza: kulabu ikila kutu je? Hapa chumvi inakula kila chuma. Waya ukikatika, kompyuta itajuaje kama kofia ipo?

Walitazamana. Walikuwa wameandika kwamba ikikosa habari, ihesabu hakuna kofia.

Nikasema hapana, ikikosa habari ihesabu kofia ipo.

"Pampu itakuwa inagoma ovyo, mzee wangu," Kazungu alisema. "Meneja atatula."

"Heri yeye atule."

Akaugeuza mstari.

Jumapili, 21 Septemba

Mke wangu Nafula amepiga simu kutoka nyumbani Bungoma. Ameuliza mbona sauti ndogo. Nimesema mafua. Kesho nashuka. Gunia la Jumatatu ile limenijia likifumuka mara tatu mbele ya macho yangu nikiwa macho kabisa. Sikumaliza ugali.

Jumatatu, 22 Septemba

Tulijaribu na gunia kwanza. Mara tano. Halikuguswa. Tukang'oa waya makusudi, pampu ikagoma. Tukaurudisha.

Nikashuka. Ya pili na ya nne zinanguruma huku na huku, ukuta unatetemeka mgongoni. Kila mwani ulionigusa mguu niliruka. Nilisali kwa lugha ya mama. Nilipotazama juu, Kazungu alikuwa amesimama kando ya kulabu juani, bila kofia, mkono mmoja juu ya kofia yangu kama anaikinga isipeperuke. Hakuondoka mpaka nilipotoka.

Aliitoa kofia kwenye kulabu akanipa. 

Jumatano, 24 Septemba

Asubuhi pampu ya tatu imegoma. Shimo tupu, kofia zote vichwani. Meneja alipiga kelele, maji yanarudi baharini, nani alikubali upuuzi huu. Kazungu alisema ni yeye. Nilimwonyesha meneja kioo cha kompyuta nikamsomea mwenyewe: Sijui kama kofia ipo. Siwashi.

Ilikuwa kutu. Siku kumi na mbili tu.

Nimekaa kando ya kulabu na kisu, nimeikwangua mpaka imeng'aa, nimeipaka grisi. Pampu ikawaka. Mguu wangu bado unashtuka inapowaka, hata nikiwa mbali. Kesho asubuhi nitaikwangua tena, kabla ya chai.